Mwenyekiti Aliyepunguza Viti

Kabla sijawa mtu wa viti nilikuwa mtu wa mbuzi. Hiyo ni zamani, wakati miguu yangu ilikuwa bado inanisikiliza. Nilikuwa nikienda Tseikuru na mjomba wangu kununua mbuzi kwa wafanyabiashara wa Kisomali, na huko ndiko nilikoona lugha isiyo na mdomo. Muuzaji na mnunuzi wanashikana mikono, wanaifunika kwa shuka, halafu kimya. Nyuso zao ni za watu walio kanisani. Lakini chini ya shuka, wee! Kidole kimoja kinaminywa, kingine kinakataa, cha tatu kinatukana. Nikamwuliza mjomba, "Mbona wamenyamaza?" Akanijibu, "Nyamaza wewe, hao wanapigiana kelele."

Niliijua lugha hiyo baadaye. Dalali mmoja mwenye ndevu za hina alinifundisha, akiniminya vidole, na nikigutuka anasema, "Hapo umenitukana mama." Haikuwa na kitabu wala shule. Ilikuwa na siku ya soko, basi. Watu wanakutana, wanaminyana, mgeni anaipata mkononi, anarudi nayo kwao. Halafu simu zikaingia, mtu akawa anauza mbuzi akiwa kitandani, na mkono wangu huu ukakosa wa kuongea naye. Leo nikikuminya utadhani nina ugonjwa wa mishipa.

Kwa hiyo neno "lugha" kwangu si neno la mchezo. Siku mtu alipokuja kwangu mjini Kabati kukodi viti na kuniambia ni vya mkutano wa lugha, nilisimama kutoka kwa kigoda changu. Nikasema moyoni, afadhali! Wamekumbuka. Maana sisi watu wa Kitui tuna ugomvi wetu na watu wa Makueni, kwamba Kikamba chetu ndicho chenyewe na chao wamekikatakata kama sukuma wiki. Nikajua hilo ndilo litakaloamuliwa.

Huyo mtu ndiye ninayemwita Mwenyekiti. Jina lake nalijua na sitalitaja, yeye mwenyewe hakulipenda. Alikuwa mrefu, suruali inaishia juu ya vifundo vya miguu, na koti zito hata kwa jua la Kabati ambalo linaweza kuchemsha uji. Alizaliwa wapi, wa ukoo gani, sikuuliza. Na hata ukisikiliza Kikamba chake huwezi kujua, kwa sababu akiwa Kabati anaongea kama mtu wa Makueni, na akiwa Makueni anaongea kama mtu wa Kitui. Makusudi! Nilimwuliza kwa nini. Akasema, "Ili kila mtu awe na la kunisahihisha."

Basi siku hiyo ya kwanza tukapatana hivi.

"Watakuja watu wangapi?" nikauliza.

"Wengi."

"Basi nitaleta viti vyote."

"Hapana, mutumia. Punguza."

Mutumia kwa Kikamba ni mzee, ni neno la heshima. Lishike hilo neno, litatusumbua mbele.

"Nipunguze? Si watasimama?"

"Ndiyo, wengine wasimame."

"Watasema mzee wa Kabati hana viti!"

"Si wakisema hivyo watakuwa wameanza kuongea?" Akaniangalia kama mtu aliyeniuliza kitu rahisi. "Kiti kikitosha kila mtu, kila mtu anakaa na simu yake. Kikikosekana, mmoja anamwambia mwenzake, sogea. Hapo ndipo mkutano umeanza."

Nikadhani ni mchoyo. Nikapeleka viti pungufu nikiwa na aibu, nimevaa shati la Jumapili, na hotuba yangu ya Kikamba kichwani.

Ukumbi ulijaa vijana wenye kompyuta za kukunja. Nikasema hawa ni makarani. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno, nikasimama. Nikasema! Nikasema lugha inaharibiwa na watu wa ng'ambo ya mto Athi. Nikasema watoto hawaijui tena, kila mmoja anaiandika anavyotaka. Nikasema wazee wakiacha kukutana lugha inakufa na mimi nimeona moja ikifa Tseikuru. Vijana wakapiga makofi mpaka nikashtuka. Kijana mmoja akapiga kelele, "Mzee ongeza! Hata sisi hao wa Makueni hawaweki nafasi mwanzo wa mstari!"

Kumbe ni lugha ya kompyuta! Watu wanaandika maneno, mashine inasoma, inafanya. Lugha yenyewe ina jina la Kizungu, nikilitamka wajukuu wanaanguka chini kwa kicheko, kwa hiyo tuiite lugha. Nilitaka kuchimba shimo niingie. Lakini Mwenyekiti hakuniokoa wala hakunicheka. Alinishika bega akawaambia, "Mmesikia. Sasa jibuni hoja za mzee." Na wakazijibu, asubuhi nzima, nani anaandika vipi na kwa nini, Kitui na Makueni wakinyoosheana vidole kwa furaha. Tangu hapo sikukosa mkutano hata mmoja.

Mwaka mmoja Kabati, unaofuata Kiboko, upande wa Makueni, kule kwa barabara kuu ya Mombasa. Hiyo ilikuwa sheria yake, mkutano uvuke mto. Na viti vyangu vivuke nao, kwa pikapu yangu, ingawa Kiboko viti vipo. Nikamwambia anapoteza mafuta. Akasema, "Na wewe usipovuka, nani ataniambia wamekosea nini?"

Wacha nikueleze walivyofungua. Wengine wanafungua kwa maombi na salamu za mheshimiwa. Hawa wanaomba, halafu wanafungua kwa makosa. Kila mtu anasimama anasema kosa baya zaidi aliloandika mwaka huo. Lile la Mutua bado linanichekesha usiku mpaka mke wangu ananiuliza nina nini. Mutua ni wa mji wa Wote, Makueni, aliandika programu ya chama chao cha mazishi. Mtu akifiwa, chama kinamtumia ujumbe wa pole. Mutua akakosea alama moja, ujumbe ukaenda kwa wanachama wote. "Pole kwa msiba wako." Sasa fikiria! Kila nyumba imepata pole, hakuna anayejua aliyekufa ni nani. Wamama wakaanza kupika. Mchungaji akatoka nyumbani kwake na Biblia, akakutana njiani na jirani aliyekuwa anakuja kwake kumlilia.

"Na nani alikuwa amekufa?" Mwenyekiti akamwuliza mbele ya watu.

"Hakuna, Mwenyekiti. Ilikuwa nataka kujaribu tu."

"Ulijaribu kwa watu walio hai?"

"Sikuwa na wengine!"

Ukumbi ukaanguka. Halafu, ndugu yangu, hapo ndipo uzuri ulipokuwa: vijana watatu wakahama walipokuwa wakamzunguka Mutua na kompyuta, kila mmoja anasema hata mimi nilifanya hivyo. Mwenyekiti alikuwa na msemo, "Kosa ukiwa peke yako linanuka, mkiwa wengi linapikwa." Msemo wa ajabu, si wa Kikamba wala wa Kiswahili, sijui alikuwa anaokota wapi.

Mwaka hadi mwaka nikawaona wakiwa watu wa nyumba moja. Msichana aliyejificha nyuma mwaka wa kwanza, mwaka wa pili anauliza, wa tatu anafundisha. Wakiwa makwao wanaandikiana kwa simu, na wakibishana hawatukanani kama hao wengine wa mtandaoni. Nilimwuliza Mutua siri yake. Akasema, "Mzee, utamtukanaje mtu ambaye mlikalia kiti kimoja siku mbili, kila mmoja na tako moja?"

Lakini usidhani Mwenyekiti alikuwa malaika. Alisema wote ni sawa, halafu mtu akichelewa anamnunia mpaka chakula cha mchana. Alisema lugha ni ya kila mtu, lakini ukiiandika kwa njia asiyoipenda anakuja nyuma yako anapumua. Sifa kwake zilikuwa ghali kama mvua ya Agosti. Ukifanya jambo zuri sana anasema, "Haijaharibika." Wapo waliosafiri kutoka Mwingi kutafuta "haijaharibika" moja tu, na wakaipata wanaitembeza kama kombe.

Na hakukaa. Mwenyekiti asiyekaa! Alisimama nyuma kabisa siku zote mbili. Wakamwambia wamchague awe mwenyekiti wa kweli, na katiba. Akakataa. Nikamwambia, "Basi mimi ndiye mwenye viti, kwa hiyo mwenyekiti ni mimi." Akacheka siku hiyo mpaka akapangusa macho kwa mkono wa koti.

Halafu watu wa Nairobi wakatusikia. Wakaja Kiboko na tishati, mabango, projekta, na viti vyao wenyewe vimevishwa nguo nyeupe na utepe kiunoni kama bibi harusi. Vilitosha na vikabaki! Mimi nikaambiwa nipumzike, mzee. Watu wakakaa kwa mistari, kimya, wakitazama mbele. Mapumziko yakafika, kila mtu akabaki kwa kiti chake akichezea simu. Mwenyekiti alisimama nyuma kama mtu aliyeingia mazishi ya mtu asiyemjua. Mwishowe akaja kwangu nje akanong'ona, "Mutumia, twende tukaibe viti." Na tukaiba! Mzee mzima na mzee mwenzake, tunachomoa bibi harusi mmoja mmoja watu wakienda chooni, tunavificha nyuma ya tangi la maji. Kufika alasiri kelele zimerudi.

Hapo nje kwa tangi ndipo tulipokutana na Wanjiru. Wazazi wake walitoka Murang'a wakafungua duka Kiboko, yeye sasa anauza dawa za mifugo na mbegu hapo kando ya barabara, na jioni anaandika hiyo lugha. Kikamba anakiongea vizuri, na Kikuyu cha kwao kinachungulia. Alitushika na kiti mkononi.

Mwenyekiti akasema, "Usitusemee kwa wa Nairobi. Huyu mutumia ndiye aliyeanza."

Wanjiru akashika tumbo kwa kicheko. "Mutumia? Mwenyekiti, kwetu mutumia ni mke wa mtu! Kumbe mmeoana?"

Nikawaka. Mimi! Mke! Lakini Mwenyekiti alisimama na kiti chake hewani, macho yamemtoka. Akasema polepole, "Neno lile lile. Upande huu wa lugha ni mzee, upande ule ni mke, na hakuna anayeona kosa mpaka mtu aaibike." Halafu uso wake ukaanguka, na mimi nilijua kwa nini.

Kulikuwa na jambo. Wenye lugha, hao walio ng'ambo ya bahari, walikuwa wametoa lugha mpya na kusema ile ya zamani hawataitunza tena. Sehemu kubwa ni sawa, lakini maneno machache yamegeuka. Na Mwenyekiti alikuwa ameandika kitu kwa lugha ya zamani, anakiita Kiondo, ambacho vikundi vyote vya akina mama wanaofuga nyuki vilikitumia, Kitui na Makueni. Kilikuwa kinagawa mizinga, zamu, na mavuno. Kiondo kilikuwa ndicho kilichowaunganisha. Kila kijana wa mkutano alikuwa ameongeza kitu ndani, hata Mutua.

Sasa Wanjiru na wenzake wa Makueni walikuwa wamehamia lugha mpya. Wakakiingiza Kiondo huko. Mashine haikulia, haikukataa. Ikagawa. Mizinga saba kwa vikundi viwili. Lugha ya zamani ilikuwa inasema kila kikundi mitatu, na huo mmoja unabaki kwa kikundi kilicho mwenyeji, ambacho mizinga iko kwao. Mpya ikasema kila kikundi mitatu na nusu. Mzinga nusu! Nyuki waambiwe nini, wenye mbawa za kulia wakae huku?

Mwenyekiti alipoona hivyo akasema Kiondo hakihami. Wanjiru akasema kisipohama kitaoza. Na mkutano wa Kiboko uliofuata, nilishusha viti kama kawaida. Vijana walivipanga makundi mawili. Wa zamani huku, wa mpya kule, na katikati nafasi ambayo pikapu yangu ingepita.

"Mwenyekiti, wewe ndiwe ulitufundisha tuvuke," Wanjiru alisimama akasema. "Mto tumevuka. Sasa wewe umekaa ukingoni."

"Sijakaa," akasema. Hakuna aliyecheka.

"Basi mwaka ujao hatuji Kabati. Tutafanya wetu hapa. Samahani, lakini ndivyo."

Tulirudi na Mwenyekiti kwa pikapu, na mtu huyo ambaye alikuwa anaweza kubishana na kibao cha barabara akawa anavitazama vibao vikipita. Karibu na nyumbani ndipo aliposema, "Mutumia, wakifanya mikutano miwili, watoto wao hawatajua kwamba walikuwa kitu kimoja." Nikakumbuka Tseikuru.

Mwaka wa Kabati ukaja. Akaja kwangu asubuhi na mapema, koti lile lile. "Leta viti vyote," akasema. Nikamtazama. "Vyote, mutumia. Wakija, wasipate hata kisababu kimoja cha kuondoka." Hapo nilijua anaogopa.

Watu wa Kitui wakafika. Wakafungua kwa maombi, wakafungua kwa makosa, lakini makosa yalikuwa madogo madogo, hayana chumvi. Kila pikipiki ikilia nje vichwa vinageuka. Ni pikipiki tu. Mwenyekiti nyuma, ameegemea ukuta. Kufika saa ya chai, nikiwa nje na birika, nikaona lori la mbegu linakata kona kwa vumbi, nyuma limejaa watu wanaimba, na Wanjiru mbele anapunga mkono kama aliyeshinda kura. Niliweka birika chini, nadhani niliiangusha. Nikapiga kelele, "Wamekuja! Wamekuja!" Mimi, mwenye mvi!

Wanjiru hakunywa chai. Aliingia na vumbi lake mpaka mbele akafungua kompyuta.

"Nianze na kosa," akasema. "Kosa langu la mwaka ni kwamba nilisema hatuji. Halafu nikakaa na Kiondo ili niwaonyeshe kimeoza. Nikakisoma chote, mstari kwa mstari. Na sikuona popote Mwenyekiti alipoandika kwamba mzinga unaobaki ni wa mwenyeji."

Mwenyekiti akatoka ukutani. "Lakini ndivyo inavyofanya."

"Inafanya, lakini haijaandikwa! Lugha ya zamani ilikuwa inakata ile nusu na kuitupa nje, na wewe ulijua inaitupa, ukaiacha idondoke kwa mwenyeji. Mtu mwingine hawezi kujua. Ni kama lile neno lako mutumia. Wewe ulisikia mzee, mimi nikasikia mke."

Mimi nilikuwa nimeshikilia mlango.

"Kwa hiyo nimekihamisha," akasema. "Na hiyo sheria nimeiandika kwa maneno, kila mtu aione. Mzinga unaobaki, kwa mwenyeji. Unaweza kukataa. Nitakifuta hapa hapa, mbele yako."

Mwenyekiti akaenda mbele. Sijawahi kumwona akienda mbele. Akainama kwa kompyuta, akasoma, midomo ikitembea. Akaandika kitu. "Na kama vikundi ni vitatu, mizinga minane?"

"Jaribu."

Akabonyeza. Akabonyeza tena. "Na mwenyeji akiwa amehama?"

"Hilo sikufikiria," Wanjiru akasema.

"Hata mimi," Mwenyekiti akasema, "wala sijawahi!" na akapiga meza kwa furaha, paa! "Mutua, njoo! Mwenyeji akihama inakuwaje?" Na Mutua akaja, na wa Mwingi akaja, na wa lori wakaja, wakajazana pale, huyu anasema apewe jirani, huyu anasema ungojee mwaka ujao, wa Kitui wanazozana na wa Kitui, wa Makueni wamegawanyika wenyewe kwa wenyewe, hakuna tena aliyekumbuka nani ni wa lugha gani. Nilikuwa nasimama kwa vidole vya miguu nione. Sikuelewa kitu na nilikuwa nacheka peke yangu.

Katikati ya hiyo vurugu Mwenyekiti akainua uso kwa Wanjiru. "Haijaharibika," akasema. Wanjiru hakumsikia. Alikuwa anamfokea Mutua.

Nilitoka kuleta chai nyingine. Nikamkuta Mwenyekiti nje, koti begani, kwa mara ya kwanza nikaona mikono yake, myembamba kama ya mtoto.

"Mwenyekiti, unaenda wapi? Chakula kinapakuliwa."

Akaweka mkono kwa sikio, kuelekea ukumbini. "Unasikia?"

"Wanagombana tena."

"Wanagombana," akasema, na uso wake wote ulikuwa unacheka. "Na hakuna aliyeniita."

Nikamwambia angoje kidogo nimsindikize, akasema nibaki, watu watataka chai. Akashika njia ya kando ya maduka, anaenda na mwendo wake ule wa kunesa, suruali juu ya vifundo, hakugeuka nyuma. Nilidhani ameenda kununua vocha. Tumekutana Kiboko tangu hapo, na Kabati tena, na Kiboko. Hajarudi.